Mama, kuzoea si dawa

Wapendwa wasikilizaji wa Musumba, na ninyi jamaa mliofika kwetu mkikimbia vita vya Kasai, leo sileti habari za barabara wala bei ya mahindi. Ninaleta jambo ambalo wamama tunaliongea kwa sauti ya chini: mkojo unaotoka wenyewe mtu akikohoa, akicheka ao akinyanyua bidoni.

Mimi nimezaa watoto 5. Baada ya huyu wa mwisho nilianza kutembea na kitambaa ndani ya nguo. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Nilipouliza kwenye kituo kimoja cha afya, niliambiwa: «Mama, ni mambo ya uzazi, utazoea.» Nikazoea miaka 3. Nilikunywa maji kidogo kabla ya safari, na kwenye matanga na arusi niliondoka mapema. Kisha, nikiwa Kolwezi kwa kazi ya habari, nilikutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kuzoea si dawa.

Chini ya tumbo, katikati ya mifupa ya nyonga, kuna misuli inayobeba kibofu, tumbo la uzazi na njia ya haja kubwa. Ni kama kitako cha kikapu: kikilegea, mzigo wote unateremka. Mimba inakilemea, kuzaa kunakivuta. Mizigo mizito ya kila siku, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni vinazidisha. Lakini ni misuli kama ya mkono, na inaweza kufunzwa. Mwaka 1948, daktari wa wamama kule Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi yake. Hata leo madaktari wanaanza na mazoezi hayo kabla ya kufikiri upasuaji.

Unafanya hivi: kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja. Usikaze matako wala mapaja, na usizuie pumzi. Hesabu polepole mpaka 5, halafu legeza kabisa, upumzike muda uleule. Rudia mara 8, asubuhi, mchana na jioni. Usifanye wakati unakojoa. Na ukitaka kunyanyua bidoni ao kikohozi kikija, kaza kwanza. Usingoje matokeo ya wiki moja. Jipe miezi 3. Mimi nilikuwa nakaza nikimenya mihogo, na hakuna aliyejua. Mwezi wa tatu nilibeba lita 20 kutoka mtoni mpaka nyumbani, nguo kavu.

Kila umri una sehemu yake. Msichana asizuie mkojo saa nyingi kwa sababu shule haina choo kizuri. Mwenye mimba aanze mazoezi mapema, yatamsaidia baada ya kuzaa. Aliyezaa aanze taratibu, maumivu yakipungua, na wiki za kwanza mizigo mizito ibebwe na wengine: baba, wasikie hilo pia. Bibi ambaye siku za mwezi zimekatika, misuli yake imepungua nguvu, lakini bado inafundishika. Hata wababa waliopasuliwa tezi ya prostati wanafundishwa mazoezi haya haya.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mazoezi peke yake hayatengenezi.

La kwanza ni fistula. Kama mkojo ao kinyesi kinatoka bila kukatika, mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua siku 2 ao 3, hapo kuna tundu ndani. Linahitaji upasuaji. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imetengeneza wamama wengi wa namna hiyo, na mwaka 2018 yeye alipewa tuzo ya Nobeli ya Amani. Mama mwenye fistula hakulogwa wala hakufanya zambi.

La pili ni maumivu. Kati yetu kuna waliofanyiwa ubakaji njiani wakikimbia. Mara nyingi misuli yao inajikaza yenyewe kwa uoga, na kukaza zaidi kunaongeza maumivu. Hao wanahitaji kufundishwa kupumua na kulegeza, na mtu aliyesomea, kwa polepole. Aibu si yao.

Kine ni wachache kwetu, ninajua. Ndiyo maana ninaomba: siku ya kupima mimba, siku ya kuchanja watoto, muulizeni muuguzi nani anaweza kuwafundisha mazoezi ya misuli ya nyonga. Akiulizwa na mama mmoja, anaweza kusahau. Akiulizwa na wamama 20 kwa mwezi, ataipeleka kwa daktari wake.