Moyo Umerudi, na Ubongo Je?

Watu wengi hudhani ya kuwa moyo wa mtoto uliosimama ukipiga tena, basi amepona. Sivyo.

Daktari Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, ni mmoja wa wale walioonyesha katika miaka ya 1950 ya kuwa pumzi ya mtu yaweza kumwokoa mwenziwe, kinywa kwa kinywa. Mwaka 1966 binti yake, Elizabeth, alishikwa na pumu kali. Moyo na mapafu yake viliamshwa, lakini ubongo haukuamka, akafa. Tangu hapo baba yake alitafuta njia za kuuokoa ubongo, hata alipofariki mwaka 2003.

Ubongo hauna akiba. Ukikosa hewa dakika chache tu, huanza kuharibika. Tena mtoto si kama mtu mzima. Kwa mtu mzima mara nyingi moyo ndio wenye kasoro. Kwa mtoto pumzi hukatika kwanza, kisha moyo hufuata. Ndiyo sababu kumkandamiza kifua peke yake hakutoshi.

Likizo iliyopita, kwetu kando ya Ziwa Victoria, mtoto wa miaka minne alitolewa majini amelegea. Watu walitaka kumning'iniza kichwa chini. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, akakataa. Alimpulizia pumzi 5, akamkandamiza kifua mara 30, kisha pumzi 2, akaendelea hivyo mpaka mtoto akakohoa. Hospitalini walimpa hewa, wakamlinda na homa na degedege, maana hayo huuzidishia ubongo madhara. Mama yake hakuuliza, "Atapona?" Aliuliza, "Atanijua?" Siku ya tatu mtoto alimwita.

Madaktari wa Marekani na Kanada waliwahi kuwapoza watoto wa namna hii hata digrii 33. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 hayakuthibitisha kuwa njia hiyo yashinda kuwaweka katika digrii 36.8 na kuzuia homa. Basi dakika za kwanza zingali na thamani kuu, nazo ziko mikononi mwa aliye karibu, si daktari.

Skauti wetu hufundishwa kufunga mafundo. Naona yafaa kila mwanafunzi afundishwe na jambo hili kabla ya kwenda likizo.