Jiwe Kabla ya Nakshi

Wageni wanaopita Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, husimama mbele ya milango ya nakshi, wakapiga picha na kuusifu mkono wa mchongaji. Mimi niliyekulia karakanani najua kwamba mkono ule ulitanguliwa na jiwe. Mwaka 1968, nikiwa na miaka 14, mama alinipeleka kwa ami, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa na karakana yake Kibokoni, si mbali na Ngome. Nilitarajia nyundo. Nilipewa kinoo na kopo la maji, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kunoa na kufagia maranda.

Ami alikuwa na mawe mawili: moja la kukwaruza, la kuondolea chuma kingi, na jingine laini la kumalizia. Patasi uliilaza mpaka ule mteremko wake wote ukalie jiwe, ncha na kisigino kwa pamoja, kisha ukaisukuma na kuirudisha huku maji yakigeuka uji mweusi. Viwiko havikuruhusiwa kupanda na kushuka.

"Usiibembeze, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ukiibembeza utaitia mgongo wa samaki, na mgongo haukati."

Habari za digrii hakuwa nazo. Kipimo chake kilikuwa kwamba mteremko uwe mrefu mara mbili ya unene wa chuma, na ukiipiga hesabu ya shule utaona inakuja digrii 30. Juba, lile la kutobolea mashimo na kupigwa kwa nguvu, aliliachia mteremko mfupi zaidi lisivunjike mdomo. Kazi ya jiwe la kwanza ilikuwa imekwisha pale kidole gumba kilipogusa, upande wa nyuma, ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja ncha nzima. Ukiusikia sehemu moja tu, unarudi jiweni. Ukiusikia kote, unakwenda kwenye jiwe laini, unaulaza ule upande bapa usiinuke hata kidogo, kisha unamalizia kwa ukanda wa ngozi. Jaribio lilifanywa kwenye kichwa cha kipande cha mbao laini, mahali ambapo nyuzi zimekatwa wima. Patasi ikipita ikaacha uso unaong'aa, imekubali. Ikiacha uso mweupe uliochanikachanika, rudia.

Miti yenyewe haikutuhurumia. Msaji una chembechembe za mchanga ndani yake, na hula makali taratibu, bila wewe kujua. Mvule ni hatari ya namna nyingine, kwa kuwa mara nyingine hujenga mawe ya chokaa ndani ya mti, na kwa nje huoni kitu. Nakumbuka ami akichonga mfaa wa mlango, patasi ikaenda vizuri, mara ikalia kama imegonga ukuta. Aliitoa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha pengo dogo mdomoni. Hakusema neno. Alikaa jiweni tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri, akila chuma chote kilichozunguka lile pengo, kisha akarudi kulichimbua lile jiwe la ndani ya mti kwa chembeu ya chuma kabla ya kuendelea.

Adui mwingine alikuwa hewa ya kisiwa. Upepo wa bahari una chumvi, na masika yakishika, chuma kilichoachwa usiku kucha huamka na kutu. Kila jioni tulivifuta vyombo kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Vile vya kukaa siku nyingi tulivipaka mafuta ya cherehani, maana ya nazi yakikaa sana hunata. Kuacha patasi ndani ya maranda kulikatazwa kabisa, kwa sababu maranda hushika unyevu.

Misumeno ilikuwa na siku yake, Alhamisi, kwa tupa ya pembe tatu. Jirani alikuwa akifunga madirisha kwa ule mlio.

Baadaye zikaja mashine za kunolea za umeme. Kazi iliyochukua asubuhi nzima ikawa ya dakika, na nawaelewa waliozikimbilia. Lakini mashine ile huchoma. Mdomo wa patasi ukishageuka buluu, ugumu wake umekwenda, na utakunjika hata uunoe vipi, mpaka uisage sehemu yote iliyoungua.

Mji wa Kale ulipotangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, nilikuwa fundi kamili, na nikapata kazi za kutengeneza milango. Hapo ndipo nilipoona hasara ilipofika. Ubao mpya uliotiwa kwenye fremu ya zamani ulijulikana mara moja. Patasi butu huponda nyuzi badala ya kuzikata, fundi akaja kuficha kwa msasa, na msasa ukayala majani ya ua mpaka kingo zake zikawa duara. Kwenye mlango wa zamani kila jani lina ukingo mkali, na alama za patasi bado zimo, safi.

Kwenye kazi moja msimamizi alitukuta asubuhi tumekaa jiweni, akasema hatulipi kwa kunoa. Nilimwomba asubiri mpaka jioni. Tulipomaliza kuchonga alileta msasa mwenyewe, akautafutia mahali pa kuupitisha, akaurudisha mfukoni.