Acha Kuukimbiza Mshale

Houston, Texas

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na picha zote nimeziona: kwenye ya kwanza mshale wa mlangoni uko 225, ya pili 310, ya tatu umeporomoka chini ya 200, na zote umezipiga mchana mmoja. Unaniuliza ununue kidhibiti gani cha umeme ili jiko lako la moshi litulie kabla ya sherehe ya mdogo wako ya kuhitimu.

Usinunue kidhibiti kwanza. Hilo kabati la gesi, kichomeo chini, sinia la maji katikati, nyavu za nyama juu, ni bati jepesi tu. Halina kasoro moja kubwa. Lina kasoro nne tano ndogondogo, na moja inaificha nyingine. Ukianza kwa kununua vifaa, utakuwa umeongeza ya sita.

Anza na mshale wenyewe. Kipimajoto cha mlangoni kinapima hewa iliyo jirani na bati la mlango, na nyama yako haikai pale. Nimeona majiko ambayo mlango unasema 225 huku kwenye wavu pana 260 na zaidi. (Namba zangu za joto ni za Farenhaiti, isipokuwa nikitaja Selsiasi, maana ndizo zilizoandikwa kwenye jiko lako; 225 ni kama nyuzi 107 za Selsiasi.) Tafuta kipimajoto cha waya chenye sindano mbili, moja ya kuchoma ndani ya nyama, nyingine ya kubana kwenye wavu. Kabla hujakiamini, chemsha maji yatokote hasa, tumbukiza ncha ya sindano bila kugusa sufuria, usome. Huko kwenu Minneapolis inatakiwa ioneshe kati ya 210 na 212. Ikionesha 198, ama ukumbuke kuongeza hizo zilizopungua kila unaposoma, ama uirudishe dukani. Kisha ibane kwenye wavu ule ule wa nyama, vidole vitatu pembeni ya nyama. Ukiisogeza karibu mno itakusomea ubaridi wa nyama iliyotoka friji, nawe utapandisha moto bila sababu.

Ukishapata kipimo cha kweli, usishangae kuona nusu ya ulichokuwa unakilalamikia hakipo. Joto likicheza kati ya 215 na 245, liache licheze. Kidari cha ng'ombe kinachokaa jikoni saa kumi au kumi na mbili hakina habari na nyuzi chache za kupanda na kushuka. Kinachoharibu ni mkono wa mpishi. Mshale umeshuka, anaongeza gesi. Baada ya dakika tano umepitiliza, anapunguza. Umeshuka tena, anaongeza. Bati, maji na nyama vyote vinachelewa kupokea badiliko, kwa hiyo kila anaporekebisha anarekebisha jambo lililokwisha kupita. Ukizungusha koki, zungusha kidogo, halafu kaa robo saa usiiguse. Na mlango usiufungue kuchungulia. Joto lote lililokusanyika humwagika kwa pumzi moja.

Kuna wakati mmoja ambao utajaribiwa sana. Kidari kikifika ndani kama 150 mpaka 170, kinagoma. Joto lake la ndani halipandi, pengine kwa saa kadhaa, kwa sababu unyevu unaotoka usoni mwa nyama unaipoza kama jasho linavyompoza mtu. Wengi hapo ndipo wanapofungulia gesi mpaka mwisho. Wewe ama subiri, ama ukizungushie karatasi ya mabucha ukirudishe ndani, mpaka kifike kama 203 na sindano iingie bila ukinzani. Jiko halina kosa lolote hapo.

Sasa matundu ya hewa, na hapa nisikilize vizuri. Umeniandikia kwamba joto likizidi unaziba matundu ya chini. Hiyo ni mbinu ya jiko la mkaa: makaa ukiyanyima hewa yanapoa. Kichomeo cha gesi ukikinyima hewa, gesi inaendelea kuja vile vile ila inaungua vibaya. Moto unageuka njano, nyama inapakwa masizi, na kaboni monoksaidi inazidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Tundu la juu liache wazi kabisa, na ya chini wazi. Kwenye jiko la gesi anayeongoza joto ni gesi peke yake. Ndiyo maana kile kidhibiti chenye feni ulichonitumia bei yake hakikufai. Kazi yake ni kupuliza makaa. Viko pia vidhibiti vya gesi vyenye vali ya umeme inayofunga na kufungua, lakini usikubali kimoja kama hakina kifaa cha kuhisi kwamba moto upo na kukata gesi ukizimika. Na kwa ajili ya hiyo kaboni monoksaidi, hilo jiko ninaloliona gereji kwenye picha zako litoe leo, hata kama mlango wa gereji unauacha wazi. Mahali pake ni nje, mbali na ukuta.

Ukiwa hapo chini, inama uutazame moto. Unatakiwa uwe wa buluu, na ncha za njano kidogo hazina neno. Ukiwa wa njano mtupu, kagua bomba linaloingiza gesi na hewa kwenye kichomeo. Buibui wanapenda kujenga mle jiko likilala majira yote ya baridi, na utando mdogo tu unatosha kuvuruga mchanganyiko. Lisugue kwa brashi nyembamba.

Ile 310 yako, nadhani ni mti. Trei ya bati iliyokuja na jiko ni nyembamba, inakaa karibu mno na moto, na vibanzi vikishika moto wa kweli badala ya kufuka, joto linaruka papo hapo, kisha vikiisha linaporomoka. Weka kikaango kizito cha chuma mahali pa ile trei, utie vipande vya mti vya ukubwa wa ngumi. Huku tunatumia mwaloni; huko tumia mti mgumu wowote uliokauka, usiopakwa rangi wala dawa. Kama una vibanzi tu, vifunge kwenye foili uitoboe mara mbili tatu. Kuviloweka hakusaidii, maana havitoi moshi mpaka maji yaishe, kisha vinawaka vile vile.

Sinia la maji watu wanalidharau. Maji hayapiti 212 hata ufanyeje, kwa hiyo yanakaa pale katikati yakimeza joto linapozidi na kulitoa linapopungua. Lijaze maji ya moto kabla hujawasha, na uliongeze kwa maji ya moto, kwani ya baridi yataangusha joto la jiko. Likikauka, utaona joto limepanda ghafla bila wewe kugusa kitu. Wapo wanaoweka mchanga na kuufunika foili. Mimi kiangazi napendelea maji, lakini kwa baridi ya kwenu mchanga una hoja, kwa kuwa hauli moto kwa kugeuka mvuke.

Mlango nao utakuwa unavuja. Usiku weka tochi inayowaka ndani ya jiko likiwa baridi, ufunge, uzunguke utazame mwanga unapotokea. Zipo kamba bapa za kuzibia zinazostahimili joto, za gundi upande mmoja. Safisha mafuta kwanza, ndipo ubandike. Kaza na komeo. Kwa upepo, simamisha ubao upande unakotoka, hatua moja hivi kutoka jikoni. Usilivike jiko blanketi karibu na kichomeo au mpira wa gesi.

Fanya hayo yote, uwashe jiko tupu mchana mzima, uandike joto kila nusu saa na koki ilipo. Huenda tukaishia hapo.

Lakini ikitokea siku ya joto koki iko chini kabisa na wavu bado unasoma 270, hapo sasa nitakubali utoe pesa. Regulata ya mtungi wako inashusha presha ya gesi mpaka ndogo sana, inayoweza kusukuma maji ndani ya mrija kwa inchi 11 tu, kama sentimita 28. Presha hiyo haibadiliki. Koki ya jiko ndiyo inayogawa, na ya majiko haya imetengenezwa kwa pupa. Alama ya chini kabisa bado ni moto mwingi. Dawa yake ni vali ya sindano, iliyoidhinishwa kwa gesi ya propani, inayofungwa kati ya regulata na jiko. Ina uzi mwembamba, unaizungusha sana na gesi inabadilika kidogo. Hiyo itakupa 225 tulivu hata hapa Houston mwezi wa nane.

Ila vali hiyo hiyo inakuruhusu kushusha moto mpaka usiweze kujitegemea. Upepo mmoja unauzima, na jiko lako halina kifaa cha kukata gesi. Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, kwa hiyo haipai ikaenda zake. Inatuama chini ya kabati ikisubiri kiberiti chako. Moto ukiwa imara kwa kiwango cha chini unachohitaji, pima kwa kufungua na kufunga mlango mara kadhaa uone kama unabaki. Kisha tia alama ya rangi kwenye vali, na chini ya alama hiyo usishuke. Ukikuta moto umezimika, funga mtungi, fungua mlango wazi, uondoke dakika zisizopungua tano. Hakuna nyama inayostahili haraka hapo.

Kwenye nati za bomba zenye uzi wa kubana tumia tepu ya njano ya gesi. Kwenye maungio ya mdomo uliopanuliwa usitie tepu, chuma kinaziba kwa chuma. Ukimaliza, paka maji ya sabuni kila ungio, ufungue gesi bila kuwasha. Povu likivimba, funga na ukaze upya. Usiwaruhusu wakuuzie regulata ya presha kubwa ya majiko ya kukaangia samaki kwa kisingizio kwamba inarekebishika. Jiko lako halikutengenezwa kwa presha hiyo.

Na siku ukikuta kinyume chake, jiko limegoma kupita 180 na moto ni kibogoyo, usilitukane kabla ya kuuliza ulifunguaje mtungi. Regulata nyingi zina kinga inayobana gesi zikihisi inatoka kwa kasi, zikidhani mpira umekatika. Ukifungua mtungi kwa nguvu huku koki ya jiko iko wazi, kinga inashika. Funga vyote, ichomoe regulata kwenye mtungi, subiri dakika chache, irudishe uikaze, kisha ufungue mtungi polepole huku koki imefungwa, ndipo uwashe.

Baridi ni jambo jingine. Gesi tuliyoizoea kule nyumbani tulikotoka huwa na butani nyingi, na butani hukataa kugeuka hewa ikifika karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Ingekuwa hiyo, Januari ya Minnesota usingewasha kitu. Propani huendelea mpaka kama 42 chini ya sifuri, Selsiasi vile vile, lakini presha inapungua jinsi baridi inavyozidi, na mtungi unaotoa gesi hujipoza wenyewe mpaka ukatoa umande wa barafu. Siku za namna hiyo tumia mtungi uliojaa. Usiupashe joto kwa moto wala kuuingiza ndani.

Kabla hujanunua vali, nipigie picha maungio ya mpira pande zote mbili, upande wa regulata na upande wa jiko, uwe umeweka rula kando. Mama yako mwambie nitampigia Jumapili akitoka kanisani.

Ni mimi,
Mjomba wako