Likasi: mtoto akimeza sumaku, asipigwe, apelekwe

Katika mitaa ya Kikula na Panda, kitu kilichokufa hakitupwi mara moja. Radio ya zamani, ekuteri za telefone: watoto wanafungua na kutoa sumaku, ile wengi wanaita aimant. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha kila kitu, ni mchezo usiolipiwa. Lakini zile ndogo zinaishia mdomoni.

Sumaku moja peke yake, mara nyingi inatoka na choo. Hatari ni mbili, ama moja pamoja na kipande cha chuma. Zinavutana zikiwa katika sehemu mbili za utumbo, nyama inabanwa katikati, damu haipiti, utumbo unatoboka.

Siku ya kwanza mtoto anaweza kucheza kama kawaida. Kisha anatapika, tumbo linauma, homa inapanda. Mama anafikiri malaria au minyoo, ananunua dawa sokoni. Si uzembe: aliyefika juzi anaogopa bili ya hospitali. Ila operesheni ya utumbo uliotoboka ni ghali kuliko kupiga radio ya tumbo mapema, na inaweza kuchelewa.

Kwa munganga, mama ataje sumaku wazi. Radio ipigwe mbele na ubavuni, sababu sumaku mbili zilizoshikana zinaweza kuonekana kama moja. Zikiwa bado ndani ya tumbo la chakula, zinatolewa kwa kamera inayopita kinywani, pale chombo kipo. Zikishuka, madaktari wanazifuata kwa radio zingine. Zisiposogea, au mtoto akiumwa, wanapasua. Njiani asilishwe, asitapishwe, wala asipewe dawa ya kuharisha.

Hata Marekani jambo hili limesumbua: kanuni ya mwaka 2014 juu ya sumaku ndogo zenye nguvu za kuchezea ilifutwa na mahakama mwaka 2016, nyingine ikatolewa mwaka 2022. Lakini kanuni haiingii ndani ya ekuteri iliyovunjika uani. Hapo wanabaki mama, baba na kaka mkubwa.

Mtoto anayeogopa fimbo atasema hakumeza kitu. Anayeulizwa kwa upole, "Baba, zilikuwa ngapi?", ataonyesha kwa vidole. Hesabu hiyo ndiyo daktari anaihitaji.