Birika Nililolifukia

Mwaka 2023 nilipewa kazi ya kutafsiri kitabu cha mwongozo kwa mafundi, kinachoeleza namna ya kujenga nyumba zisizofuja maji wala umeme. Aliyenipa kazi hiyo alikuwa amesikia kwamba natafsiri mashairi, akadhani kuwa mtu anayezijua bahari za utenzi hawezi kushindwa na bomba la maji machafu. Nilishindwa katika ukurasa wa kwanza. Wenyewe huita nyumba ya namna hiyo jengo la kijani. Nikaandika hivyo hivyo, nikajisomea kwa sauti, nikaona kwamba nimeandika ama jengo lililopakwa rangi ama afisi ya chama.

Mimi si msomi wa majengo, wala wa jambo jingine lolote. Skuli niliiacha Kidato cha Pili. Kiingereza nilikipata katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nakala isiyo na jalada niliyoinunua kwa muuza karanga aliyekuwa akiichana kurasa kufungia bidhaa yake. Herufi A yote ilikuwa imekwisha kwenda na karanga. Kwa hiyo neno linaponishinda sina mwalimu wa kumwendea. Huliacha, nikatembea. Safari hii matembezi yakawa marefu, maana mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Usukumani, alinipigia simu akaniambia: "Kaka, njoo uitazame nyumba yetu kabla hatujaezeka. Na ukiweza, usije mikono mitupu."

Anakaa Kalemela, katika Wilaya ya Busega, kandokando ya Ghuba ya Speke. Zamani pande hizo zilikuwa za Magu, mkoani Mwanza. Tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Nilifika mwishoni mwa Septemba, kiangazi kikiwa katika ncha yake. Shemeji yangu, mwalimu na mkulima wa pamba, alinipokea kwa "mwangaluka" nyingi, akaniletea maji ya kunawa katika bakuli dogo. Mimi mtu wa kisiwani, niliyekulia penye maji ya chumvi pande zote, niliona haya kuyamwaga yale maji, kwani niliona jinsi mtoto alivyokuwa akilitazama bakuli.

Ziwa haliko mbali, nalo ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani. Lakini maji hayaji nyumbani kwa sababu yako karibu. Huchotwa kwa madumu ya lita ishirini, kwa kichwa, kwa baiskeli, na kwa bodaboda kwa aliye na fedha. Tena ziwa lina ushuru wake. Konokono wadogo wa majini hubeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo humwingia mtu kwa ngozi, akiwa amesimama majini kujaza dumu. Wengi wetu tumefundishwa kuchemsha maji, tukaona tumesalimika. Kumbe mchotaji huwa ameshaambukizwa kabla dumu halijafika jikoni. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ametoka kutibiwa kichocho cha tumbo kwa mara ya pili. Baada ya matibabu alirudi kuchota, maana hapakuwa na wa kwenda badala yake.

Jioni tukaenda kulitazama boma. Kuta zimesimama, renta imefungwa, na mbao zimekwisha kununuliwa nusu. Shemeji alinionesha mchoro wa paa alioupenda: paa la migongo mingi, lenye mikunjo na mabonde kila upande, kama yale yaliyojaa siku hizi katika miji yetu yote, kutoka Bariadi hadi viungani mwa Unguja. Fedha niliyokuja nayo, malipo ya nusu ya tafsiri yangu, ndiyo iliyokuwa ikingojwa ilitimize paa hilo.

Sikulala vizuri. Kitabu kilikuwa mkobani, nacho kilikuwa na hesabu moja niliyoitafsiri bila ya kuifikiri. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Boma lile lilikuwa na mita kumi kwa nane. Pande zile hupata kama milimita mia nane kwa mwaka, katika vuli na masika. Nikazidisha, nikatoa humusi kwa ajili ya yanayoruka na yanayokauka, zikabaki lita zaidi ya 50,000. Kisha nikahesabu watu sita, dumu moja kwa kila mtu kwa siku, miezi minne ya ukavu kuanzia Juni: lita chini ya 15,000. Maji ya kiangazi kizima huanguka juu ya nyumba yao, yakachimba mtaro chini ya mchirizi, yakaenda zake mbugani.

Asubuhi nilimweleza shemeji. Nilimwambia kwamba paa la migongo miwili tu, lililonyooka, ni rahisi kufungwa gata, halina mabonde ya kuvujisha, hula bati chache na mbao chache; kilichosalia kijenge tangi. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Shemeji, watu watasema mwalimu ameezeka darasa." Sikumcheka. Mtu aliyevuna pamba miaka kumi na minane ana haki ya kutaka nyumba yake itazamwe. Mdogo wangu hakusema neno. Alimwita tu yule mtoto, akamwambia aoneshe dumu analolibebea. Likawa limeegemezwa pale ukutani mpaka tulipomaliza kunywa chai.

Nilitaka birika la kuchimbwa ardhini, kama la kwetu. Hapo fundi akanisahihisha, nami nikapata somo ambalo kitabu hakikuwa nalo. Usukumani ardhi ina majina yake. Ile ya mchanga ya vilimani ni luseni, nayo hutulia. Ile nyeusi ya bondeni, ya mbuga, hufura wakati wa mvua na kupasuka kiangazi hata mguu ukaingia ufani. "Ukizika birika lako hapa, mzee, mwaka wa pili litakuwa limegawanyika mapande." Akashauri tangi la juu ya ardhi, la saruji iliyokandikwa juu ya wavu wa kuku na nondo nyembamba, la mviringo kama nyumba zao za msonge, maana mviringo hauna kona ya kupasukia. Juu yake kifuniko, ili mbu wasizalie. Na bomba la pembeni la kuyatoa maji ya mvua ya mwanzo, yale yanayoosha vumbi na mavi ya ndege.

Sasa niseme lililokuwa likiniuma. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, aliyotuachia babu, ilikuwa na birika. Paa lilikuwa la sakafu ya chokaa, limeinamishwa kidogo, na maji yakishuka kwa mfereji uliopita ndani ya ukuta. Birika lilipakwa chokaa, na ndani yake bibi alifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Ndugu zetu wa Lamu nao wana visamaki hivyo katika mabirika yao, na visiwani huko wana majabia, yale makinga-mvua makubwa ya sakafu, ambayo hadi leo kuna vijiji vinavyoyategemea. Mwaka 1994, mimi kwa mikono yangu, nilililijaza birika lile kifusi, nikamwaga zege juu yake, nikapata chumba cha duka. Hoja yangu ilikuwa moja: mfereji upo. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikwisha tuletea maji ya mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Birika la nini tena? Bibi alikuwa hai. Alisema, "Utalitafuta." Sikumjibu. Mjini siku hizi mfereji hutoa maji kwa kupenda kwake, nami hununua kwa mkokoteni, dumu kwa dumu, mbele ya duka lililo juu ya birika langu.

Nayasema haya kwa sababu Kalemela nako bomba linazungumzwa. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kusaidia mradi wa kuyafikisha maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za Mkoa wa Simiyu, Busega ikiwamo. Nauombea mradi huo heri. Nilimwambia shemeji alipokee bomba kwa mikono miwili, lakini asibomoe tangi. Katika visiwa vya Bermuda, visivyo na mto hata mmoja, sheria humtaka ajengaye nyumba akinge mvua kwa paa lake na kuiweka katika tangi. Kwa jadi mapaa yao yalipakwa chokaa nyeupe, kama letu lilivyokuwa. Hawajaona kwamba kufanya hivyo ni ushamba.

Paa liliezekwa migongo miwili. Shemeji alijitetea kwa kibaraza cha mbele chenye nguzo nne za mapambo, zilizomeza fedha kuliko nilivyopenda. Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño, na mwezi wa Novemba mdogo wangu alinipigia simu usiku, nikasikia kishindo cha maji kabla ya sauti yake. Alilalamika kwamba maji yana ladha ya bati. Nikamwambia ladha hiyo itapungua. Kitabuni nililifuta lile jengo la kijani, nikaandika "nyumba itunzayo maji", ingawa mhariri alinirudishia akisema si istilahi.

Mpangaji wa duka nimempa taarifa. Atahama baada ya Idi. Wiki iliyopita nilikuja na fundi, mtu wa makamo, akapiga sakafu kwa mpini wa nyundo, pahala hapa na pale, huku ameinamisha sikio. Karibu na kaunta akasimama, akapiga tena. Akaniuliza kama kifusi nilikijaza mpaka juu, nami sikukumbuka.