Kuwaonyesha Wageni Miti ya Kwetu

Mji wa Mikumi, uliomo katika wilaya ya Kilosa, ulipata jina lake kwa mti. Mkumi ndio mti ambao watu wa pwani huuita mvumo, nao ni jamaa ya mnazi na mtende, wenye majani mapana kama upepeo uliokunjuliwa. Mbuga ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964 nayo yaitwa kwa jina hilo hilo. Basi si ajabu mgeni akishuka garini na kuuliza, "Huo mkumi wenyewe u wapi?"

Siku hizi wako vijana wanaojitolea kuwaongoza wageni na kuwaonyesha mimea, na jambo hili latupendeza sana sisi walimu. Walakini tumeona kwamba wengi wao hukariri majina tu, kisha hunyamaza. Majina yana faida, maana mti mmoja huitwa hivi huku na vile kule. Ndiyo sababu wataalamu wa dunia nzima hufuata utaratibu wa majina mawili ya Kilatini, ambao Linnaeus wa Uswidi aliutumia kwa mimea yote katika kitabu chake cha mwaka 1753. Kwa utaratibu huo mkumi ni Borassus aethiopum. Lakini jina halituambii mti waishije, wala ni kitu gani kitauua.

Siku moja tulisikia mgeni akimwuliza kijana, "Mti huu ukikatwa kilele, huchipuka tena?" Kijana akajibu, "Huchipuka, bwana, kama miti yote." Mzee mmoja aliyesimama karibu akasema kwa upole, "La, mjukuu wangu, huo haurudi."

Kijana yule alikuwa na sababu ya kujibu vile. Amekulia katika nchi ya miombo, naye ameona visiki vilivyoachwa na wachoma makaa vikitoa machipukizi. Miombo, mninga na mwembe ina tabaka hai chini ya gome, na tabaka hilo hunenepesha shina kila mwaka na kuponya jeraha. Tena machipukizi yaweza kutoka mahali pengi. Mkumi hauna tabaka hilo. Wakua kwa chipukizi moja tu lililo kileleni, katikati ya majani. Likikatwa hilo, mti mzima hufa, hata ukiwa na umri wa mzee wetu yule. Na mtu akilichanja shina kwa panga, alama hubaki siku zote.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Mgema wa mnazi hukata karara la maua, na mnazi waendelea kuishi. Lakini anayekata kilele cha mkumi ili apate tembo, amekunywa mara moja tu mti uliokua miaka mingi.

Tena liko jambo la pili. Mikumi mingine ni ya kiume na mingine ya kike, kama mipapai. Wa kiume hauzai tunda, na mtu asiyejua husema, "Huu ni tasa, na ukatwe uwe nguzo." Lakini ikikatwa yote ya kiume, ile ya kike nayo itakosa unga wa maua, na matunda yatakwisha. Matunda hayo hupendwa na ndovu, nao hubeba kokwa tumboni na kuziangusha mbali. Kwa njia hiyo ndovu hupanda mikumi.

Basi, walimu wenzetu, kabla ya kumpa kijana orodha ya majina, tumfundishe kuuliza maswali matatu mbele ya kila mmea: Wakua kutoka wapi? Wazaaje? Mbegu zake huchukuliwa na nini? Tumpe punje ya mahindi na punje ya haragwe, azipande pamoja. Haragwe litatokeza majani mawili ya kwanza pamoja, na hindi litatokeza jani moja lililochongoka. Hapo aambiwe kwamba mkumi, mrefu kama ulivyo, uko upande wa mahindi, na mninga uko upande wa maharagwe. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake hatasahau kwa nini miti hiyo miwili haikatwi kwa namna moja.

Mgeni atakwenda zake jioni, lakini kijana atabaki kijijini, na kesho jirani atamwuliza kama aukate mkumi ulio shambani mwake. Hilo ndilo swali kubwa tunalomtayarishia jibu.