Safari ya Litumbandyosi na Mwenye Pampu

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, pale Kitai njia hugawanyika. Moja inaendelea kupanda kwenda Mbinga mjini, kwenye milima ya Wamatengo yenye kahawa na mashamba ya ngoro. Nyingine inaelekea Ruanda na kushuka mpaka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, na huku ndiko yanakopita malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Litumbandyosi iko upande huu wa bondeni. Wengi wamelisikia jina hilo kwa sababu ya pori la akiba. Ukiambiwa unakwenda wilaya ya Mbinga unafungasha sweta, lakini huku sweta langu halikutoka mfukoni hata siku moja.

Tulikwenda mwezi wa Agosti, akina mama wanne wa kanisani, kufundisha afya ya mama na mtoto. Njiani tuliwafikia vijana saba wa baiskeli. Mmoja alibeba magunia ya mahindi, mwingine tenga la kuku, na wawili au watatu walibeba usipa, wale dagaa wa Nyasa ambao harufu yao hukufikia kabla hujawaona. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, tairi kwa tairi. Wa mbele akipaza sauti, "Shimo!", neno lile lilipita kwa kila mmoja hadi kwa wa mwisho. Baada ya muda yule wa mbele alijitoa pembeni, akawaacha wenzake wapite, kisha akajiunga nyuma.

Gari letu lilipochemsha tulisimama chini ya mti, nao wakatukuta hapo. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza mmoja, "Mwanangu, mbona mnabadilishana?"

"Mama, wa mbele anachoka macho," akanijibu. "Ndiye anayechagua njia. Sisi wa nyuma tunafuata tairi tu, tunapumzika."

Mzigo ukiwa mzito na mchanga ukiwa mwingi, anayekosea njia huanguka na gunia lake. Nikauliza pia juu ya pampu, maana niliiona moja tu. Wakacheka. Mwenye pampu, walisema, hukaa nyuma kabisa. Akitangulia yeye, atakayepata pancha nyuma ataachwa porini bila mtu kujua.

Nilipenda sana jibu hilo, kwa sababu huo ndio ufundi wa mbio za baiskeli za barabarani. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani mwenye miguu yenye nguvu ndiye atakayeshinda. Sivyo. Katika mwendo wa mbio adui mkubwa ni upepo, na anayemfuata mwenzake kwa karibu aweza kuokoa robo ya nguvu zake, hata theluthi. Kwa hiyo timu humficha mmoja wao nyuma ya migongo ya wengine. Wanaobaki hukata upepo kwa zamu, huchukua maji na kumpelekea, huwakimbiza wapinzani wanaochomoka. Katika mbio za ridhaa, ambako mara nyingi hakuna gari la vipuri linalofuata, msaidizi aweza kulitoa gurudumu lake mwenyewe ampe mkuu wa timu, naye akabaki amesimama kando ya barabara. Jina lake haliandikwi popote. Mlimani mambo hubadilika: mwendo ukipungua, kivuli cha upepo hakisaidii sana, na kila mtu hubaki na mapafu yake.

Mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifika Afrika kwa mara ya kwanza Septemba 2025, mjini Kigali, na vilima vya Kigali wasomaji wetu wa Ngara na Kagera wanavijua. Mbio za wanawake zilikuwa za kilomita 164.6. Waliotazamiwa kushinda walikuwa mabingwa wenye majina, akina Demi Vollering wa Uholanzi na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, aliyekuwa ametwaa Tour de France ya wanawake mwezi uliotangulia. Wakabaki wanaviziana. Kila mmoja alingoja mwenzake ajichoshe kwa kulifukuza kundi dogo lililokwisha kutangulia, na hakuna aliyekubali kumvuta mpinzani wake mpaka mbele. Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwenye umri wa miaka 24, akapanda mlima wa Kimihurura wenye barabara ya mawe, akawaacha aliokuwa nao na kushinda. Kesho yake, katika mbio za wanaume za kilomita 267.5, waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengi wa wale wengine walichoka mapema, tena baadhi yao wakiwa wamekwisha maliza kazi ya kumbeba mwenzao.

Tofauti moja hainipendezi, nami naisema wazi. Katika mbio, dhaifu huachwa kwa makusudi, na kumchosha ni sehemu ya mpango. Njia ya Litumbandyosi haina nafasi ya jambo hilo.

Miaka ya nyuma nikiwa kazini katika zahanati moja ya vijijini mkoani humu, kijana alinigongea usiku, jasho likimtiririka, baiskeli yake haina mzigo wowote. Akasema kwamba nyuma yake anakuja shemeji yake mwenye uchungu, mimba ya kwanza. Mume ndiye aliyekuwa akimwendesha, mama akiwa kwenye keria juu ya godoro lililokunjwa. Mdogo wa mume alikimbia kwa miguu nyuma yao, akisukuma kila penye kilima. Huyu wa tatu ndiye mwenye mwendo kuliko wote, na walikuwa wamekubaliana tangu nyumbani kwamba asibebe kitu, atangulie tu.

Alipata karibu saa nzima mbele yao. Nikawasha taa na jiko, nikachemsha vifaa, nikamwamsha mhudumu mwenzangu, nikatandika kitanda. Mama alipofika, mtoto alikuwa karibu kabisa. Alizaliwa mikononi mwetu, wa kike, akalia mara moja. Nilipotoka nje kuwapa habari, yule aliyetangulia alikuwa amelala chini ukutani, viatu miguuni, na kaka zake walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kama wamwamshe.